MD (shahada ya udaktari) imekosekana awamu ya kwanza: asubiri, achukue Uuguzi, aende Diploma ya Utabibu au arudie mtihani?

MtuWaKirumba
Mwangaluka wadau. Majina ya awamu ya kwanza ya udahili wa vyuo vikuu yametoka, na vijana wengi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wa huku Mwanza wameikosa MD, chuo cha Bugando na kwingineko. Naomba tulinganishe njia zilizobaki kwa uzito wake. Tuchukue mfano mmoja ili tusitawanyike: kidato cha sita C tatu, yaani pointi 9. Kidato cha nne Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza C, Hisabati F. Mzazi hana uwezo wa kulipa ada nzima bila mkopo. Aombe tena awamu ya pili na ya tatu? Akubali Uuguzi kisha ahamie MD? Diploma ya Utabibu? Au arudie kidato cha sita?

SangaraMkubwa
Tuanze na neno "kusubiri", maana ndilo linalowaponza wengi. Huku kwetu hakuna orodha ya akiba ambamo jina lako limelala likingoja mtu ajitoe. Tangu mwaka 2017, baada ya mfumo wa pamoja wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kuachwa, mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na aliyekosa awamu ya kwanza anatakiwa aombe upya dirisha la pili likifunguliwa. Asiyeingia kwenye akaunti yake na kuchagua tena hasubiri kitu chochote. Yuko nje.

Sasa viti vya awamu ya pili hutoka wapi? Vingi huachwa na waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja. Mwenye A tatu anaweza kuwa ameshika nafasi Muhimbili, Moshi na Bugando kwa wakati mmoja. TCU inamtumia namba ya siri kwa SMS, anathibitisha chuo kimoja, na viti viwili vinabaki wazi. Kwa hiyo mwenye pointi 9 hasubiri huruma ya mtu, anasubiri wenye pointi 13 na 14 wathibitishe kwingine. Pointi 6 za PCB zilizoandikwa kwenye mwongozo wa TCU ni sifa ya kuomba tu. Kiti hugawiwa kuanzia juu kushuka chini.

Dirisha la pili likifunguliwa, kabla ya kulipa ada ya maombi popote, soma tangazo la chuo lenye programu zenye nafasi. MD ikishajaa haionekani pale, na kuomba chuo hicho kwa ajili ya MD ni kutupa hela. Halafu asing'ang'anie Bugando kwa sababu ni kilimani kwetu na nauli ni ya daladala. Aangalie na Ifakara, Moshi, Dodoma, Mbeya, Kairuki. MD ni miaka mitano popote, na mwaka wa utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini) baada yake ni uleule.

Mama_Nansio
Naongeza la simu. Ile namba ya siri inakwenda kwenye namba ya simu au barua pepe aliyojaza wakati wa kuomba. Vijana wengi wakati huo wako JKT, mfano Rwamkoma kule Mara, simu zao ziko nyumbani. Wengine walijaza namba ya mwenye kibanda cha intaneti aliyewasaidia kuomba. Siku za kuthibitisha ni chache, na zikipita kiti kinakwenda. Ajaze namba ya mzazi anayeshika simu kila siku, aandike nenosiri la akaunti kwenye daftari na kuliacha nyumbani. SMS isipofika, mzazi aingie kwenye akaunti ya chuo alichochaguliwa aombe itumwe tena. Kuna sehemu yake mle.

Nyakahoja77
Hilo la Uuguzi mliangalie kwa makini sana, ndugu zangu. Watu wanajaza MD chaguo la kwanza na Uuguzi au Maabara chaguo la pili "ili nisikose kabisa". Mfumo ukimkosesha MD unampa lile la pili. Hapo hesabu zinabadilika: madirisha yanayofuata ni ya waliokosa na ambao hawakuomba, na huyu tayari amedahiliwa. Chaguo la pili liwe kitu ambacho yuko tayari kukisoma mpaka mwisho.

Kuhamia MD kunawezekana kwenye karatasi. Dirisha la uhamisho hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Anaandika barua kwa msajili, chuo kinaangalia kama ana sifa za MD na kama kuna kiti, kisha TCU inapitisha. Kinachokwamisha ni kiti. Kama MD ingekuwa na kiti wazi, angekipata kwenye awamu ya pili au ya tatu. Kuna wachache wanaofanikiwa kwa sababu waliochaguliwa hawakuripoti, lakini huo si mpango wa kumwekea mtoto.

Uuguzi ni taaluma kamili yenye heshima yake na wagonjwa wanaihitaji. Anayeutaka aende kwa moyo mmoja. Kuutumia kama ngazi ndiko ninakokupinga.

DaktariWaMifupaMkolani
Kwa mfano wa mleta mada, kila kitu kinaamuliwa na ile F ya Hisabati. Nashangaa haijaguswa mpaka sasa.

Akiingia MD kwa matokeo ya kidato cha sita, kinachopimwa ni PCB. Akiingia kwa Diploma ya Utabibu, masharti ni mengine: wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu yake angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Mtego ni kwamba chuo cha diploma kinampokea bila Hisabati, kwa sababu pale Hisabati na Kiingereza ni nyongeza tu. Anasoma miaka mitatu, anapata GPA nzuri, anaomba MD, na anakataliwa kwa sababu ya F ya zamani.

Dawa yake ni kurudia Hisabati peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa Novemba, akiwa bado anasoma diploma. D inatosha. Akishamaliza, aombe AVN (namba ya uhakiki wa tuzo) kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, mapema, kwani bila namba hiyo mwenye diploma hawezi kuomba chuo kikuu. Matokeo ya chuo yakichelewa kufika NACTVET, na AVN inachelewa, na dirisha la TCU halimngojei mtu.

Hesabu ya miaka mpaka amalize utarajali: akipata MD mwaka huu ni 6. Akirudia kidato cha sita ni 7. Kwa diploma ni 9, ila katikati yake anakuwa tayari tabibu anayeweza kuajiriwa. Kwa nyumba isiyo na fedha, miaka hiyo mitatu ya ziada haijapotea.

SangaraMkubwa
Sawa kabisa. Kuhusu kurudia kidato cha sita: mtihani ni Mei, lakini usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika nusu ya pili ya mwaka unaotangulia, wakati uleule madirisha ya vyuo yako wazi. Anayengoja majina ya awamu ya tatu ndipo aende kujisajili anakuta usajili umefungwa, au unalipiwa faini. Ajisajili kabla. Akipata MD, amepoteza ada ya mtihani tu.

Na achague kituo chenye maabara inayofanya kazi. Fizikia, Kemia na Biolojia zote zina karatasi ya vitendo, na anayesoma nadharia nyumbani mwaka mzima bila kushika bureti anaangushwa na titresheni. Kama C zake tatu zilishuka kwa sababu ya vitendo, kurudia kuna maana. Kama zilishuka kwa nadharia, atafute kwanza wa kumfundisha.

MtuWaKirumba
Ahsanteni sana wakuu. Kwa hiyo awamu ya pili na ya tatu aombe, na wakati huohuo ajisajili kwa mtihani wa Mei. Diploma iwe ya tatu, pamoja na Hisabati ya Novemba. Na mkopo? Aombe baada ya kupata chuo?

Mama_Nansio
Hapana, baba. Dirisha la Bodi ya Mikopo haliwangoji wa awamu ya tatu. Aombe sasa hivi hata kama hana chuo, cheti cha kuzaliwa kikiwa kimehakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo). Bodi hupanga mkopo ikishapokea majina ya waliodahiliwa, na mwenye vyuo viwili ambavyo hajathibitisha anabaki pembeni. Mkijaza chuo binafsi mjue Bodi ina kikomo chake cha ada. Tofauti ni ya mzazi.

Na akirudia Hisabati atakuwa na namba mbili za mtihani wa kidato cha nne, ya shule inayoanza na S na ya kujitegemea inayoanza na P. Namba atakayoomba nayo chuo ndiyo hiyohiyo aombe nayo mkopo. Zikitofautiana, Bodi haimwoni kabisa kwenye orodha ya chuo.