Eti "dawa ikigoma, ujue mgonjwa anatema"! Huyu bwana wa redioni, nani kampa maikrofoni aongelee kifafa?

Mnamjua. Yule wa kukohoa kabla ya kila sentensi. Asubuhi hii kaulizwa mbona wengine wanameza dawa za kifafa na bado wanaanguka. Akacheka. AKACHEKA wakuu, mpaka mende waliomo kwenye spika wakahama. Kisha: "Anatema huyo."

Wagonjwa kama 3 kati ya 10 dawa haziwatulizi. Wote wanatema? Si tungekuwa tunateleza barabarani kwa vidonge!

Dawa mbili, zimechaguliwa sawasawa kwa aina ya kifafa, dozi imefika, zimemezwa, bado anaanguka: hicho ndicho kifafa sugu, wataalamu wa dunia walishakubaliana 2010. Madaktari wa Glasgow, Uskoti, walifuatilia wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutibiwa, ripoti ikatoka 2000. Dawa ya kwanza iliwatuliza asilimia 47, ya pili 13, ya tatu 1. Moja! Mwenye kovu kwenye ubongo upande wa panja mara nyingi vidonge havimtoshi, anatakiwa MRI (kipimo cha picha ya ndani ya ubongo) na daktari wa upasuaji. Yeye anamwambia anatema. Tena anacheka!

Kisiki_cha_Mvule: Mkuu shusha presha. Wengi wanaoitwa sugu si sugu, wamepewa dawa isiyo yao. Kijana mikono inashtuka akiamka, chai inamwagika, unampa kabamazepini? Unamzidishia. Huyo valproeti ingemfaa.

BintiPwani: Na hiyo kabamazepini ini huizoea, linaivunja haraka zaidi. Baada ya wiki chache dozi ni ileile, ila kwenye damu imepungua. Ilitakiwa apandishiwe, yeye kapewa tarehe ya miezi mitatu mbele. Akiongezewa rifampisini ya TB ndo kabisa, inaporomoka.

Mzee_Kifimbo: Mleta uzi unavyofoka utadhani umetemewa wewe 😂😂

Mleta uzi: Alicheka mzee! Hewani!

Dokta_Mchongo: Kucheka kitu gani. Kuna yule wa duka la dawa pale kona, anakata karatasi ya vidonge kwa mkasi, anakutilia kwenye bahasha ya kaki, jina na tarehe ya kuisha anabaki navyo yeye. Kesho hujui ununue ipi. Fenobabitoni, nayo dawa ya kifafa, ikikatika ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo asizinduke katikati.

BintiPwani: Afadhali mkasi. Wale wa kijiko je? Mtu anatapatapa wao wanapanua mdomo waingize kijiko, jino linang'oka. Mlaze ubavu, legeza kola, tazama saa. Ikipita dakika 5, hospitali.

Kisiki_cha_Mvule: Wa kwetu mkasi hana, nusu kidonge anaivunja kwa meno.

Mzee_Kifimbo: Kwa meno 😭 basi huyo ndiye anayetema.

Dokta_Mchongo: Na chenji anarudisha bigijii.

Mzee_Kifimbo: Mna bahati, wa huku anarudisha kiberiti, tena kimelowa.

BintiPwani: Bigijii ngapi kwa mia mbili?