Wafanyakazi 30 wa kiwanda cha minofu Ilemela: niendelee na vibarua wa getini au niwape mikataba?

Msindikaji_Ilemela

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wa utumishi na wanaojua viwanda vya samaki.

Kiwanda ni kidogo, kiko Ilemela, Mwanza, minofu ya sangara. Nahitaji wakata minofu 22, wachunaji ngozi 5 na wasimamizi wa zamu 3. Utaratibu uliopo: saa 12 asubuhi watu wanajipanga getini, msimamizi anachagua, jioni wanalipwa na kusaini daftari lililoandikwa "kibarua wa siku moja". Samaki nao hawatabiriki. Leo zinaingia tani 8, kesho upepo, mitumbwi haijarudi, meza tupu.

Matatizo mawili. Wengi wanaoingia kisu hawakijui, nyama inabaki kwenye mapanki (mifupa na kichwa vinavyobaki baada ya kutoa minofu). Na wanaokijua wanahama kila wiki. Je, daftari la kibarua linanilinda kisheria? Na mtu nimpimeje kabla sijamchukua?

Zamu_ya_Pili

Mkuu usijisumbue. Wape mikataba ya miezi mitatu mitatu. Ikiisha unampumzisha wiki moja, unampa mwingine. Hafikishi miezi sita, hana pa kukushtaki.

Meza_ya_Usuluhishi

Zamu_ya_Pili, huo ushauri unasambaa sana na ndio unaowapeleka waajiri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kunakoamuliwa migogoro ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35, inamtoa kwenye kinga ya kuachishwa isivyo haki mtu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri yule yule, *iwe kwa mkataba mmoja au zaidi*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoua ujanja wa mitatu mitatu. Isitoshe, ukimrudisha mtu mara nne mfululizo unamjengea matarajio ya kurudishwa mara ya tano. Ukikataa, anaweza kudai kuwa kutomrudisha ni kumwachisha.

Kwako Msindikaji: daftari halikulindi. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, kifungu cha 61, haiangalii kama umemwita mtu kibarua. Inaangalia hali halisi. Sifa moja tu ikitimia, mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo: unampangia namna ya kufanya kazi, unampangia saa, unampa vifaa, anategemea kipato chako, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Piga hesabu: saa 45 ni siku tano za saa tisa. Mkata minofu anayekuja siku tano tu kwa mwezi ameshatimiza. Na kisu ni chako, meza yako, kengele yako.

Daftari lenyewe ndilo atakalolitumia dhidi yako, maana linaonyesha siku zote alizokuja.

Mkataba wa muda maalumu kwa asili umewekwa kwa wataalamu na kada ya uongozi. Marekebisho ya 2025 yamefungua mlango kwa baadhi ya wengine, zikiwemo kazi za msimu, ila sangara anayeingia wiki hadi wiki mwaka mzima huwezi kumwita msimu. Kwa wakataji wako wa kudumu, andika mkataba usio na ukomo, wenye kipindi cha majaribio.

Mama_Nyakato

Mwanangu, sheria umeshaelezwa. Mimi nakujibu la kisu, maana huko ndiko hela inakovuja.

Usimpime mkataji kwa maswali wala kwa barua ya kiwanda alikotoka. Mpime mezani, dakika 30. Fanya hivi:

Chukua samaki wa saizi moja, kilo 3 hadi 4, waliolala kwenye barafu muda sawa. Hapa wengi ndipo wanapoharibu: mmoja anapewa samaki wa kilo 7, mwingine wa kilo 2, halafu wanalinganishwa. Umbo la samaki linabadilisha kiasi cha nyama, na samaki aliyelegea hukatika vibaya hata mikononi mwa fundi. Visu vinolewe na mtu mmoja. Kila mmoja apewe samaki wa kwanza wa kuzoea mkono, asihesabiwe, kisha watatu wa kupimwa.

Pima samaki wazima, pima minofu isiyo na ngozi, pima mapanki. Gawa minofu kwa samaki mzima, zidisha kwa 100. Akikata kilo 10.5 akatoa minofu kilo 4.2, hiyo ni asilimia 40. Alama ya kufaulu usiiokote mtandaoni. Wakataji wako watatu bora wafanye jaribio hilo hilo kwanza, wastani wao ndio rula yako. Mgeni aliyepungua asilimia 2 na mkono wake ni safi, mchukue, atafundishika. Lakini ujue unachonunua: wakataji wote wakiwa wa hivyo, asilimia 2 katika tani 8 ni kilo 160 za minofu kwa siku.

Baada ya uzito tazama mambo matatu. Mifupa iliyobaki ndani ya mnofu, ipapase kwa kidole. Mikato ya ngazi ngazi juu ya nyama, hiyo ni dalili ya kisu kusukumwa badala ya kuvutwa. Na kama samaki wanakufikia na mabondo (vifuko vya hewa vya samaki, navyo huuzwa), angalia kama ametoboa. Bondo lililotoboka bei yake inaanguka, na mara nyingi aliyelitoboa ndiye mwenye haraka kuliko wote. Kasi iweke mwisho. Kasi huja kwa wiki chache. Mkono mbaya ukishazoeleka kuutoa ni kazi.

Anayepima uzito asiwe msimamizi anayechagua. Mpe kila mtu namba ya kubandika kwenye aproni, karani wa mizani aandike namba, si jina.

Msindikaji_Ilemela

Mama shikamoo, nimekuelewa vizuri sana. Hilo jaribio naweza kulifanya siku tatu ili nijiridhishe? Na majaribio ya mkataba yawe miezi mingapi? Nina watu wanatoka Ukerewe na Musoma pia, sijui kama kuna tofauti. Gambuti na visu tunakata kwenye mshahara.

Mama_Nyakato

Marahaba. Siku tatu hapana. Dakika 30 ni usaili. Siku tatu, minofu inaingia kwenye boksi na kuuzwa, hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Ukitaka siku tatu zipo, ila ziwe ndani ya mkataba na malipo yake.

Meza_ya_Usuluhishi

Naongezea kwa Mama, kisha nijibu yaliyobaki.

Majaribio: kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka kipindi cha kuridhisha, kisizidi miezi 12. Kwa mkata minofu miezi mitatu inatosha, kwa msimamizi wa zamu sita. Kosa la kawaida ni kukaa kimya miezi mitatu halafu siku ya mwisho unampa barua. Unatakiwa kumfuatilia, kukaa naye, kumwambia anapokosea, kumsikiliza na kumpa muda wa kurekebisha. Fomu ya ukurasa mmoja kila wiki ya 4, 8 na 12, yenye asilimia yake ya minofu na sahihi mbili, inamaliza hilo. Notisi ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Baada ya hapo siku 28 kwa wa mshahara wa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki.

Wa Ukerewe na Musoma: tofauti ipo, na ni ya hela. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka maelezo ya maandishi kuanzia siku ya kuanza kazi, na mojawapo ni *mahali alipoajiriwa*. Watu huacha wazi. Ukimfuata mtu Nansio, Ukerewe, ukamwajiri kule, siku ukimwachisha unawajibika kumrudisha Nansio au kumlipa nauli, pamoja na kumgharimia kujikimu mpaka asafirishwe. Akija mwenyewe Mwanza akaajiriwa getini kwako, andika Mwanza, mradi ndio ukweli. Pakiwa wazi mtabishana, na palipo na ubishi juu ya masharti yaliyotakiwa kuandikwa, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Jalada litunze miaka 5 baada ya mtu kuondoka.

Makato ya gambuti: acha. Ni kifaa cha kujikinga na kazi ni yako. Kisu alichokipoteza kwa uzembe unaweza kumkata, ila umwandikie sababu na hesabu, umpe nafasi ya kupinga, akubali deni kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake.

Siku za tani 8: badala ya kuita watu wapya, andikisheni makubaliano ya wiki iliyobanwa. Kifungu cha 21 kinaruhusu mpaka saa 12 kwa siku, mapumziko ya kula yakiwa humo, bila ovataimu, mradi zisizidi siku 5 wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Bila makubaliano hayo, saa ya kumi kwa siku ni ovataimu, mara moja na nusu, na kikomo ni saa 50 kwa wiki nne. Zamu ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ongeza asilimia 5.

Karani_wa_Mizani

Hakuna aliyegusa geti. Msimamizi anayechagua kwa kidole saa 12 asubuhi lazima ataanza kupokea "ya soda", hata akiwa mtu wa sala. Ndiyo sababu mafundi wanahama: mwenye mkono mzuri hakubali kulipia nafasi. Ondoa uchaguzi getini. Bandika orodha ya namba waliofaulu kwa mpangilio wa alama, na aitwe anayefuata. Wa akiba waitwe kwa simu jioni samaki wakijulikana, na karani aandike saa aliyompigia kila mmoja. Akiruka namba, itaonekana.

Vipimo vya afya kabla ya kuanza kazi vinatakiwa, na gharama ni ya mwajiri. Lakini VVU na mimba visiwemo kwenye fomu. Vyote vimo kwenye orodha ya ubaguzi ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, pamoja na kabila na mahali mtu alikotoka, kwa hiyo "tunataka Wakerewe tu, wanajua samaki" usiiandike wala usiiseme.

Na ukiwa na watu 30 umeshavuka 20, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka asilimia 3 ya wafanyakazi wawe wenye ulemavu. Kwako ni mmoja. Kiziwi anakata minofu kama yeyote, ila kengele ya mashine muwekee na taa.

Msindikaji_Ilemela

Mmenisaidia mno. Swali dogo: nakala za vitambulisho vya NIDA za walioshindwa jaribio nazo nizitunze miaka 5?

Meza_ya_Usuluhishi

Hapana, hiyo mitano ni ya waajiriwa. Walioshindwa warudishie au uziharibu mkishafunga usaili, baki na namba na alama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki ukae na taarifa za mtu usizo na kazi nazo. Wala usiombe nakala getini. Iombe kwa aliyefaulu, siku ya kusaini, ukihitaji namba yake kwa ajili ya NSSF.