Maneno yenye k-t-b kwenye kamusi za zamani: yapi ni ndugu?

Mdadisi
Habari wadau. Nakusanya kutoka kamusi za zamani maneno yenye k, t na b kwa mfuatano huo, katikati kukiwa na irabu tu. Hadi sasa ninayo kitabu, katibu, katiba, maktaba, mkataba, kitubio, kitabibu na kitabia. Pembeni nimeweka tabu na hotuba kwa kuwa zinakaribiana. Nitajuaje yapi ni ya mzizi mmoja na yapi yamekutana kwa bahati?

Mzizi3
Matano ya mwanzo ni ndugu wa damu. Yote yametoka kwenye k-t-b ya Kiarabu, mzizi wa konsonanti tatu wenye maana ya kuandika. Ongeza maktubu, na katabahu iliyokuwa ikifunga barua za zamani.

Matatu ya mwisho yatoe. Kitubio ni ki- + tubu + -io, ndugu yake toba. Kitabibu ni ki- + tabibu, ukoo wa tiba na matibabu. Kitabia ni ki- + tabia. Kipimo ni hiki: ondoa ki-, kisha uangalie kama kinachobaki kinasimama peke yake na maana haijahama. Tubu, tabibu na tabia zinasimama, kwa hiyo k ile ni kiambishi tu. Ukiondoa ki- kwenye kitabu unabaki na tabu, neno zima, lakini shida na kitabu wapi na wapi! Hapo k ni ya mzizi.

Usitegemee wingi. Wasemaji waliisikia ki- ya kitabu kama kiambishi chetu, wakasema vitabu. Mukataba nayo, yaani maandikiano ya pande mbili, ikawa mkataba, mikataba. Wingi unaonyesha neno lilivyopokewa, hauonyeshi lilikotoka.

Irabu Mbili
Kuhusu tabu: tafuta pia taabu. Zile a mbili zimeshika nafasi ya sauti ya kooni, ayn, iliyokuwa kati ya t na b. Mzizi wake una konsonanti tatu kamili bila k yoyote.

Hotuba na hatibu zilikuwa zikiandikwa khutuba na khatibu, kama khabari na kheri. Kh hiyo ni sauti moja, tena t yake ni ile nzito, tofauti na t ya kitabu. Programu ya kutafutia maneno ikiruka h, khatibu itaangukia kwenye orodha yako karibu na katibu, na kwa macho utaapa ni mapacha.

Kamusi za Madan (1903) na Johnson (1939) huonyesha neno likiwa limetoka Kiarabu. Anzia hapo kabla ya kukisia.

Mzizi3
Kama unatafuta kwenye nakala zilizopigwa skani, kuna maneno yatakayokupita. b husomwa h, kwa hiyo kitabu huwa kitahu. M husomwa rn. Neno likikatwa mwisho wa mstari, "ki-" juu na "tabu" chini, halipatikani kabisa. Tafuta vipande vifupi, kisha ufungue ukurasa wenyewe.

Mdadisi
Shukrani wakuu. Na upande wa Kibantu? Nimetafuta "andik" kwenye Johnson, mwandishi hakutokea.

Irabu Mbili
Mkuu, kuna mambo mawili. Johnson hupanga nomino chini ya kitenzi chake, kwa hiyo nenda kwenye andika, usiende kwenye M. Pili, konsonanti ya mwisho hubadilika mbele ya -i ya mtendaji: andika hutoa mwandishi, pika mpishi, penda mpenzi, linda mlinzi, fuata mfuasi, iba mwizi. Kata herufi hiyo, utafute "andi". Utapata takataka nyingi, ila mwandiko, andiko, mwandishi na maandishi yote yatakuja pamoja.