Gesi ya Cabo Delgado: imeleta vita, au imechagua tu nani alindwe?

KUSINI KWETU (mleta mada):

Wakuu salaam. Naomba hili tulijadili bila matusi maana linanigusa, mie mtu wa Newala na bibi mzaa mama yangu alikuwa Mmawia (Mmakonde wa Msumbiji), alivuka Ruvuma akiwa binti akaolewa huku, kwahiyo yanayotokea Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, kwangu siyo habari za nje, ni habari za wajomba.

Kila ikitajwa vita ya kule watu wanajigawa mafungu mawili. Wa kwanza wanasema mabeberu ndo wametengeneza magaidi ili wachukue gesi. Wa pili wanasema ni dini tu, vijana wamepotoshwa, gesi imesingiziwa. Mie naona wote wameshika mkia wakasema ndo tembo. Ninavyoona mie gesi haikuwasha moto, ila gesi ndo iliyoamua maji ya kuzimia yamwagwe wapi.

Tuanze na tarehe maana watu wanazichanganya sana. Upande wa Msumbiji gesi iligunduliwa 2010 na Anadarko ya Marekani, Eni ya Italia wakafuata 2011. Vita ilianza tarehe 5 Oktoba 2017, vijana walivamia vituo vya polisi pale Mocímboa da Praia alfajiri. Hapo kati kuna miaka 7, na ndani ya miaka hiyo watu wa Palma walishaimbiwa mabilioni ya dola yanakuja, huku rasi ya Afungi, eneo la mradi wa gesi, watu wanapimiwa mashamba na kuhesabiwa minazi, baadaye wavuvi wakajengewa nyumba Quitunda, nyumba nzuri kwa kuziangalia ila mvuvi umemtoa ufukweni umempa bati na sementi, atavua wapi? Na kusini zaidi kule Montepuez kwenye rubi wachimbaji wadogo walitimuliwa, yakatokea mambo ya kutisha mpaka mwaka 2019 kampuni ya Gemfields ya Uingereza ikalipa pauni milioni 5.8 kumaliza madai ya wananchi, bila kukiri kosa. Wenyewe mkoa wao wanauita Cabo Esquecido, yani rasi iliyosahaulika. Sasa kijana aliyesahaulika anaona ndege zinatua na magari meupe yanapita, we unadhani anawaza nini.

Sasa njoo kwenye hoja yenyewe. Kuanzia 2017 vijiji vinachomwa, watu wanachinjwa, nani alikuja? 2019 walikuja mamluki wa Wagner wa Urusi, wakapata kipigo wakaondoka. 2020 serikali ikakodi kampuni binafsi ya Afrika Kusini yenye helikopta. Agosti 2020 Mocímboa da Praia, mji mzima wenye bandari, ukachukuliwa na waasi wakakaa nao MWAKA. Na mwezi huohuo wa Agosti Total ya Ufaransa, ambao walishanunua hisa za Anadarko kwenye mradi, wakasaini na serikali makubaliano ya kikosi maalumu cha kulinda eneo la mradi. Kikosi kikapata eneo la kulinda, mji jirani uko mikononi mwa waasi.

Tarehe 24 Machi 2021 kampuni inatangaza itarudi kazini pole pole, siku hiyohiyo Palma ikavamiwa. Watu wakajificha hoteli ya Amarula, msafara wa kutoroka ukashambuliwa njiani, na Amnesty International wakaripoti kwamba kwenye uokoaji wa helikopta wazungu walitangulizwa kuliko weusi (kampuni ya ulinzi ilikanusha). Aprili Total wakasimamisha mradi wa dola bilioni 20. Julai, yani hata miezi minne haijaisha, wakatua wanajeshi na polisi 1,000 wa Rwanda, na SADC nao wakaingia, Tanzania tukiwemo.

Hesabu yake ni nyepesi sana. Vijiji vilisubiri karibu miaka minne. Mradi ulisubiri chini ya miezi minne. Nabisha na yeyote atakayesema gesi haihusiki.

BWANA HESABU:

Mleta mada umeandika vizuri lakini umewabebesha wageni mzigo wa watu wa Maputo. Umeruka jambo moja kubwa kuliko yote. Mwaka 2013 na 2014 serikali ya Msumbiji ilikopa dola bilioni 2 kwa siri, bunge halijui, wananchi hawajui, kwa kutumia makampuni ya serikali, ikasema ni za meli za kuvua jodari na za KULINDA PWANI. Narudia, kulinda pwani. Pesa ikaliwa. 2016 ikafichuka, IMF na wafadhili wakakata misaada, sarafu yao ikaporomoka, na mwaka uliofuata vita ikaanza kwenye pwani ileile iliyokopewa ulinzi, waasi wanakuja na mashua usiku. Waziri wa fedha aliyesaini, Manuel Chang, amehukumiwa New York, mwezi Januari 2025 akapewa miaka 8 na nusu.

Kwahiyo mie nauliza, Mfaransa alimshika nani mkono asaini? Tukishamaliza kulia mabeberu mabeberu, viongozi wetu wanapumua kabisa, wanajua lawama imeshapata pa kukaa. Kampuni ni mfanyabiashara, atalinda mali yake, we ulitaka alinde nini? Kulinda kijiji ni kazi ya serikali iliyochaguliwa na wanakijiji.

MTOTO WA MSIMBATI:

Mie napingana na mleta mada kwa sababu nyingine kabisa. Sisi wa Mtwara tuliwahi kuwa na hasira ya gesi kuliko wao. Mnakumbuka "gesi haitoki"? Desemba 2012 watu waliandamana, Januari 2013 Mtwara na Masasi zikachafuka, Mei 2013 baada ya bajeti ya nishati kusomwa mji ukawaka, watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaletwa mitaani. Bomba likajengwa hivyohivyo mpaka Dar, zaidi ya kilomita 500, gesi ikatoka. Tuliumia, wengine mpaka leo hawajasahau, LAKINI hatukuingia msituni. Kama hasira ya gesi inazaa uasi basi Msimbati pangekuwa Mocímboa ya pili.

Tofauti ni ile itikadi. Masheikh wa Cabo Delgado wenyewe walishalalamika mapema kwamba kuna vijana wanajitenga na misikiti, wanakataza watoto shule, serikali ikapuuza. Na Oktoba 2020 walivuka mto wakavamia Kitaya, huku kwetu, wakaua Watanzania. Niambieni Kitaya kuna kisima gani cha gesi? Kuna mpunga na watu maskini tu. Mtu anayechinja mkulima mwenzake siyo mpigania rasilimali, na mkiendelea kumtafutia sababu mnampa heshima asiyostahili.

MAMA NANYUMBU:

Samahanini naingilia, mie siyo mtu wa siasa. Nakaa upande wa Mtambaswala, palepale penye daraja la kwenda Negomano. 2021 baada ya Palma tuliwaona hao watu. Wanawake na watoto, miguu imevimba, wanaongea Kimakonde na Kiswahili kama sisi, mwingine anataja ukoo unagundua ni ndugu wa jirani yako. Na walirudishwa. UNHCR walisema mwaka ule zaidi ya watu elfu tisa walirejeshwa Msumbiji kutoka kwetu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, nikampa maji na kanga, nikajua sitamwona tena.

Mnabishana kampuni, mnabishana Maputo, mnabishana dini. Kaka zangu, na sisi je? Miaka ile Frelimo imezaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, wakimbizi walipokuwa wanavuka mto mababu zetu waliwapa mashamba. Sisi tulikuwa na sababu gani ya kuwarudisha hawa?

KUSINI KWETU (mleta mada):

Mama yangu shikamoo. Hilo lako sina jibu nalo, nimelisoma mara tatu. Nakubali, na naona aibu.

Mtoto wa Msimbati, hoja ya 2013 umenibana kweli na sitaikwepa. Ndo maana nilisema gesi haikuwasha moto. Wauaji ni wauaji, sijawatetea popote na Kitaya nilizika mtu ninayemfahamu. Ila angalia kitu kimoja, sisi tulipigwa 2013 lakini tulikuwa na pa kusemea, wabunge walikuwa wanagombana bungeni usiku, redio zilikuwa zinaongea, kura 2015 ilikuwa inakuja. Wamwani, wenyeji wa pwani ya Mocímboa, walikuwa na nani? Kijana akikosa pa kusemea anayempokea kwanza ndo anamchukua, na aliyewapokea ni wale masheikh wa kujitenga uliowataja. Hapo hatupishani sana.

Bwana Hesabu wewe ndo nabishana nawe. Dola bilioni 2 zimeliwa Maputo sawa, na Chang kafungwa haki yake. Lakini jiulize kwanini benki kubwa kama Credit Suisse ilikubali kupanga mkopo wa namna ile kwa nchi maskini vile? Nani anaikopesha nchi ya namna ile meli za jodari? Waliona gesi. Gesi ambayo haijatoka hata futi moja ilishakuwa dhamana vichwani mwa watu. Kwahiyo mwizi wa ndani na mkopeshaji wa nje walikuwa wanaangalia kisima kimoja, huwezi kumtoa mmoja kwenye picha ukabaki na mwingine.

Na usiseme kampuni ni mfanyabiashara tu analinda mali yake, mbona jeshi analolitegemea linalipiwa na wengine? Umoja wa Ulaya umeisaidia Rwanda euro milioni 20 mwaka 2022 na nyingine 20 mwaka 2024. Benki ya Exim ya Marekani ikapitisha mkopo wa dola bilioni 4.7 kwa mradi Machi 2025. Novemba 2025 kampuni ikatangaza kuondoa ule usimamishaji wa 2021, mradi unarudi. Desemba Uingereza wakajitoa kwenye ufadhili wao. Sasa wakati huo wote mikataba inaenda na kurudi, mji wa Macomia ulivamiwa Mei 2024, na Julai 2025 kule Chiúre makumi elfu ya watu walikimbia tena, wengine ni mara ya tatu wanakimbia. Palma pametulia kwa sababu Mnyarwanda yupo Palma. Vita haijaisha, imesukumwa kusini ambako hakuna kisima.

Halafu hili la mwisho ndo linaniuma. Kampuni inasema miaka ya kusimama imeongeza gharama dola bilioni 4.5, ikaiomba serikali ya Msumbiji izitambue, pamoja na miaka 10 zaidi ya mkataba. Gharama zikitambuliwa zinakatwa kwanza kwenye gesi kabla nchi haijapata mgao wake wote. Maana yake yule mama aliyerudishwa Negomano na mtoto mgongoni ndo atailipa hasara ya vita iliyomchomea nyumba.

BWANA HESABU:

Hilo la bilioni 4.5 nakubali, halina utetezi. Lakini nakurudisha palepale, nani anakaa mezani kukubali au kukataa? Serikali ya Rais Chapo wa Msumbiji. Wakikubali usije kuniambia ni Paris. Na kwa kuwa wote tunatoka huku, niulize la nyumbani. Likong'o pale Lindi watu walishapisha eneo la mradi wa gesi, mazungumzo na makampuni ya Equinor na Shell yanaenda miaka nenda rudi, nani kati yetu amewahi kuona kifungu kimoja cha huo mkataba kinasema nini kuhusu ulinzi, nani ataulipia, na ukikwama hasara ni ya nani?

MTOTO WA MSIMBATI:

Sijauona. Na nina shemeji yangu Likong'o, nilimuuliza juzi, yeye anajua alilipwa shilingi ngapi kwa mti wa mwembe basi.