Naomba ushauri: familia inataka niwe msimamizi wa kisheria wa mdogo wangu mwenye ulemavu wa akili, naye hataki

DadaMkubwa ameandika:

Wanajamvi, salaam. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kukabiliana na jambo kama hili, hasa watu wenye ulemavu wenyewe, kwa kuwa nyumbani kwetu limejadiliwa na kila mtu isipokuwa mhusika.

Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 26 na amezaliwa na ulemavu wa akili. Huzungumza kwa sentensi fupi, husoma maneno machache, na hesabu ya fedha humpa shida inapozidi kiasi anachoweza kukishika mkononi. Pamoja na hayo ana kazi ghalani, ambako hupanga na kufunga mizigo, na mkuu wake wa kazi hana malalamiko naye. Wazazi wetu wamezeeka, na katika kikao cha familia ilipendekezwa niende mahakamani nitangazwe kuwa msimamizi wa mambo yake yote, yaani mshahara, matibabu na mahali atakapoishi. Yeye alikuwapo kikaoni. Alisema, "Niulizeni mimi," watu wakatabasamu, kisha mazungumzo yakaendelea.

Anachokitaka anakijua: kupanga chumba karibu na kazini na kushika mshahara wake mwenyewe. Hofu ya wazazi nayo ina msingi, kwani amewahi kumpa rafiki mshahara wa mwezi mzima kwa sababu tu aliombwa. Sitaki kumtawala, wala sitaki kumwacha aumie halafu tuseme huo ndio uhuru wake. Je, ipo njia nyingine, na kwa vitendo hufanywaje?

WakiliMstaafu amejibu:

Dada, kabla ya kwenda mahakamani fahamu vizuri unachokwenda kukiomba. Usimamizi kamili, katika sheria za nchi nyingi, huiondolea saini ya mtu nguvu yake: hawezi kufungua akaunti, kupanga nyumba, kukubali au kukataa matibabu, na katika baadhi ya nchi hata kuoa au kupiga kura, mpaka mwingine aridhie. Kuuondoa baadaye ni kazi nzito kuliko kuupata, maana anayetakiwa kuthibitisha kwamba anaweza kuamua ni yule yule ambaye neno lake limekwisha kuvuliwa uzito.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, unatamka katika ibara ya 12 kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na watu wengine katika nyanja zote za maisha, na kwamba nchi zinapaswa kuwapatia msaada wanaouhitaji ili kuutumia uwezo huo. Mwaka 2014 kamati inayofuatilia utekelezaji wa Mkataba ilitoa ufafanuzi usio na kona: mfumo wa mtu mmoja kuamua badala ya mwingine uachwe, na mahali pake pawe na mfumo wa kumsaidia mhusika aamue. Pale ambapo matakwa yake hayawezi kujulikana hata baada ya juhudi kubwa, kipimo kiwe tafsiri bora ya matakwa na mapendeleo yake, wala si kile ambacho wengine wanakiona kuwa ndiyo maslahi yake. Si kila nchi imekubali kufika huko. Zipo zilizoridhia Mkataba huku zikitoa tamko kwamba usimamizi utaendelea kuwapo katika sheria zao.

Zipo pia zilizojaribu njia nyingine kwa dhati. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, sheria ya mwaka 1996 inamruhusu mtu mzima kuingia makubaliano ya uwakilishi hata kama hawezi kuelewa mkataba wa kawaida. Miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni kama ameonyesha kwamba anamtaka msaidizi fulani, kama anaweza kuonyesha anachokipenda na asichokipenda, na kama uhusiano wake na msaidizi huyo ni wa kuaminiana. Peru mwaka 2018 na Kolombia mwaka 2019 zilibadilisha sheria zao ili ulemavu usiwe tena sababu ya kumpokonya mtu mzima uwezo wa kisheria.

Tafuta kwanza kama sheria ya nchi yako ina kitu cha namna hiyo. Ikiwa haina, na jambo fulani haliwezekani bila amri ya mahakama, basi omba amri finyu, ya jambo hilo moja, kwa muda mfupi, na yenye tarehe ya kupitiwa upya.

Magurudumu amejibu:

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ulemavu wangu ni wa viungo na ninatumia kiti mwendo, kwa hiyo sidai kwamba ninayajua yote ya mdogo wako. Hata hivyo kuna jambo moja tunalolifahamu sote, nalo ni kukaa mbele ya mhudumu wa afya huku yeye akimuuliza uliyefuatana naye, "Anaumwa wapi?"

Ninachotaka kukuambia ni kwamba watu wengi huogopa neno kujitegemea kwa sababu wanadhani maana yake ni kufanya kila kitu bila msaada. Ed Roberts, Mmarekani aliyepooza karibu mwili wote kwa ugonjwa wa polio na aliyehitaji mashine ya kumsaidia kupumua, aliingia Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley mwaka 1962, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha maisha ya kujitegemea kilichoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mtu huyo hakuweza kujivisha nguo, lakini aliamua nani amvishe, saa ngapi, na aende wapi baada ya hapo. Uswidi nayo, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1994, huwapa watu wenye mahitaji makubwa haki ya kuwa na msaidizi binafsi, nao huwa na sauti katika kumchagua. Sheria hiyo haikuwaacha nje watu wenye ulemavu wa akili.

Kwa hiyo akihamia chumbani kwake, swali lisiwe kama anaweza kupika peke yake. Muulizeni anataka nani aje kumsaidia kupika, na siku zipi. Ufunguo wa pili akupe yeye mwenyewe akipenda, usijitwalie.

BabuTahadhari amejibu:

Nitakuwa mbaya wa uzi huu, na iwe hivyo. Binamu yangu mwenye hali kama ya kijana huyu aliaminiwa, akaachiwa nafasi, na mtu aliyejiita rafiki akamfanya aweke saini kwenye mkopo. Mdai alipokuja hakutaka kusikia habari za mikataba ya kimataifa. Alitaka fedha yake, na tuliolipa ni sisi. Maneno mazuri ni rahisi kwa asiyelipa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Dada, chukua usimamizi, kisha umtendee kwa upole.

MwalimuElimuMaalumu amejibu:

Mzee wangu BabuTahadhari, hasara yenu ninaipa heshima yake, lakini methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya kumkanya mwana, na huyu ni mtu mzima mwenye mshahara. Ni wangapi humu wamewahi kukopesha rafiki fedha isirudi? Hakuna aliyetupeleka mahakamani tupokonywe saini. Robert Perske, mwandishi Mmarekani aliyetetea watu wenye ulemavu wa akili, aliandika mwaka 1972 kwamba mwanadamu ana heshima yake katika kuthubutu, na kwamba ulinzi uliopita kiasi humnyima mtu heshima hiyo. Nimefundisha vijana wengi waliolindwa mpaka wakashindwa kuchagua hata shati.

Sasa vitendo, dada. Kuamua ni stadi, na hujengwa kwa kuamua mambo ya kweli yenye matokeo ya kweli. Jihadhari na jambo moja ambalo familia nyingi hazilioni: mtu aliyeamrishwa maisha yake yote huzoea kusema ndiyo kwa kila anayemuuliza, kwa sababu ndiyo humaliza maswali. Usimuulize, "Unataka kukaa na sisi, sivyo?" Mwonyeshe picha mbili, chumba na nyumbani, umuulize anachokipenda katika kila kimoja, siku nyingine geuza mpangilio wa picha, uone kama jibu linabaki lile lile. Mpe muda. Kimya chake kinaweza kuwa ndiko kufikiri kwenyewe, nasi huwa tunakivunja mapema mno.

Tena, mtu hawezi kuchagua asichowahi kukiona. Akalale katika chumba cha kupanga usiku kadhaa kabla ya kusaini chochote, ajue ukimya wake, kelele za majirani, na kazi ya kuamka bila kuamshwa. Huenda akakipenda zaidi, huenda akabadili nia; kwa vyovyote vile atakuwa ameamua kwa kujua.

Kuhusu fedha, usianze na mshahara wote wala usianze na sifuri. Kodi na bili zilipwe moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yake siku ya mshahara, kwa idhini yake aliyoielewa. Fedha ya matumizi iende kwenye akaunti ndogo anayoishika mwenyewe. Akiombwa na rafiki, hasara haivuki kilichomo humo. Mkubaliane pia juu ya kanuni ambayo yeye ameikubali, kwa mfano kwamba hasaini karatasi yoyote siku ile ile aliyopewa. Kanuni hiyo, mzee wangu, huenda ingemwokoa binamu yako, na haikuhitaji hakimu.

WaTatuKwao amejibu:

Nina kaka mwenye usonji, na nitasema ambalo wengine wameliacha. Dada, wewe ni mrithi pamoja naye. Wazazi wakiondoka, mali itagawanywa, na anayeshika saini yake atakuwa anashika pande mbili za mizani. Sikushuku, lakini upendo hauondoi mgongano wa maslahi. Wasaidizi wawe zaidi ya mmoja, angalau mmoja asiwe wa damu yenu, na kila mmoja awe na eneo lake. Mdogo wako ndiye awataje, nanyi muandike kwa lugha nyepesi yenye picha, ili hata yeye aweze kuonyesha kidole na kusema, "Hapa sikubali."

Mtafutie pia wenzake. Vikundi vya watu wenye ulemavu wa akili wanaojisemea wenyewe, kama vile People First, kilichoanzia jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 1974, vimeenea katika nchi nyingi. Kaka yangu alijifunza kukataa kwa kumsikia mwenzake akikataa, jambo ambalo sisi nyumbani tulishindwa kumfundisha, pengine kwa sababu halikutufaa.

DadaMkubwa ameandika:

Ninawashukuru sana, akiwamo BabuTahadhari. Nimekaa na mdogo wangu nikamuuliza kwa picha, bila haraka. Chumba bado anakitaka, na amekubali kwenda kukijaribu kwanza. Kwa mambo ya hospitali amenitaja mimi. Kwa fedha amemtaja mfanyakazi mwenzake wa ghalani, mtu mzima ambaye sisi hatumfahamu vizuri, na akasema waziwazi kwamba mimi nikishika fedha huwa "nagomba." Sikulitarajia hilo. WakiliMstaafu, wazazi hawatamkubali mtu baki. Nifanyeje?

WakiliMstaafu amejibu:

Usimfute mtu aliyetajwa. Mkague kama ambavyo mngemkagua yeyote. Mwombeni aje nyumbani, mdogo wako akiwapo na akiongoza mazungumzo kadiri atakavyo. Makubaliano yaseme kwamba msaidizi wa fedha anaeleza na kushauri, hana kadi wala namba ya siri, na haruhusiwi kukopa kwake wala kumkopesha. Taarifa ya akaunti isomwe kila mwezi mbele ya mtu wa tatu, ambaye naye atatajwa na mdogo wako. Wazazi wapendekeze majina, yeye achague mojawapo au akatae yote. Wekeni tarehe ya kupitia mpango baada ya miezi 6. Ombi la mahakamani lisimame hadi tarehe hiyo, na hilo mlitamke mbele yake, kwa sababu hadi sasa nadhani hajaambiwa kama mnakwenda au hamwendi.