Waarmenia 1915: mauaji ya kimbari au "mambo ya vita" tu?

Wadau, juzi barazani tumebishana mpaka sauti zikakauka. Jamaa kashikilia kwamba 1915 ilikuwa vita kuu, dola ya Waosmania (Uturuki ya leo) ikipigana na Urusi, kila upande ulizika watu, Waarmenia wenyewe, Wakristo waliokuwa raia wa dola hiyo, walijiunga na Mrusi, kwahiyo hiyo habari ya mauaji ya kimbari ni propaganda ya wazungu dhidi ya Waislamu. Mi nilikataa na bado nakataa, na mimi ni Muislamu.

Kweli wapo Waarmenia waliopigana upande wa Urusi, na raia Waislamu nao walikufa wengi, hilo sibishi. Ila bibi kizee wa Ankara, huko mbali kabisa na mpaka wa Urusi, yeye alimsaidia Mrusi kwa lipi? Maana hata wa Ankara waliondolewa. Sehemu nyingi wanaume walitengwa wakauawa kwanza, halafu kina mama na watoto wakaswagwa kwa miguu mpaka jangwa la Deir ez-Zor huko Syria, njaa, kiu, maradhi, majambazi njiani, na serikali ya Waosmania ndo imetoa amri. Unamhamishia mtoto jangwani akaishi na nani? Wanahistoria wengi wanataja vifo kati ya 600,000 na 1,500,000.

Na hili la propaganda ndo linaniuma zaidi. 1919 mahakama ya kijeshi ya Waosmania wenyewe pale Istanbul iliwahukumu kifo Talaat na Enver, vigogo wa serikali ile ya wakati wa vita, wakiwa wameshakimbia nchi. Najua mtasema mji ulikuwa umejaa wanajeshi wa Uingereza na wenzao, haya, tuiache mahakama. Celal Bey je? Gavana wa Aleppo, Muislamu, alipinga zile amri 1915 hiyohiyo wakamhamishia Konya, kule nako akawakingia kifua Waarmenia mpaka wakamtoa kazini. Huyo nae katumwa na wazungu?

Kuna mwingine anasema neno lenyewe la mauaji ya kimbari (genocide) halikuwepo 1915. Ndio, mwanasheria Raphael Lemkin kalitunga 1944, ila mwenyewe alisema yaliyowapata Waarmenia ni moja ya mambo yaliyomsukuma.

Ninapokubaliana na jamaa ni kwa hawa wakubwa, Marekani rais wake kaja kutamka rasmi kwamba ni mauaji ya kimbari 2021, miaka yote hiyo wanaogopa kumuudhi Uturuki, mwenzao wa NATO. Lakini uoga wao haumfufui mtu.

Anayebisha aje, ila aanze na yule bibi wa Ankara.