Tupeane uzoefu: kuvua stilihedi mtoni kwa anayeanza

Msukuma wa Cleveland (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mvua za Oktoba zikianza tu huku Ohio, simu yangu haitulii: "Nasikia kuna samaki wa kilo nne wanapita katikati ya mji, tunawapataje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Tuweke hapa, kila mtu na mto wake.

Kwa mgeni kabisa: stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua, yule yule anayefugwa mabwawani, ila maisha yake ni mengine. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini au kwenye ziwa kubwa, hunenepa huko mwaka mmoja hadi mitatu, halafu hupanda mto kutaga. Kwao hasa ni pwani ya Pasifiki. Kwenye Maziwa Makuu ya Marekani aliletwa na watu. Michigan walimwaga vifaranga katika mto Au Sable mwaka 1876. Hapa Ohio karibu wote ni wa kupandikizwa. Idara ya wanyamapori humwaga vifaranga kila mwaka kwenye mito kama Rocky, Chagrin, Grand, Vermilion na Conneaut, nao hushuka Ziwa Erie, kisha kuanzia vuli hadi Aprili hurudi wakiwa mijitu.

Sisi wa Mwanza tumezoea kuulizana chambo. Huku ulizia kwanza maji. Stilihedi hukaa mdomoni mwa mto akingoja mvua, mto ukijaa ndipo anapanda. Ukiukuta umejaa tope, rudi nyumbani ukalale. Ukianza kushuka na kugeuka kijani, ukasimama hadi magotini na buti lako ukaliona kwa taabu, hiyo ndiyo siku yako. Ukingoja yawe maangavu kabisa, samaki atakuona kabla hujamwona. Rocky na Chagrin husafika haraka. Grand ina udongo wa mfinyanzi, iongezee siku kadhaa. Vipimo vya USGS, idara ya serikali kuu inayopima mito, viko mtandaoni bure na vinaonyesha mto unapanda au unashuka. Mimi sifungashi hata chai kabla ya kuviangalia.

Pa kurusha: tafuta maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, kina cha kiunoni au zaidi kidogo. Nyuma ya jiwe kubwa. Pale mkondo wa kasi unapokutana na maji yaliyopoa. Mwisho wa kidimbwi, kabla maji hayajawa haba na kuanza kukimbia tena, maana samaki aliyetoka kupanda maporomoko hupumzikia hapo. Na kabla hujaingia mtoni, vua kwanza karibu na ukingo ulikosimama. Wageni wengi huingia moja kwa moja hadi kiunoni wakarusha ng'ambo, kumbe wamewakanyaga samaki njiani.

Bi Likoni

Asante mwanangu kwa kufungua uzi. Mimi niko Erie, Pennsylvania. Vijito vyetu, Elk na Walnut, ni vidogo na sakafu yake ni mwamba wa matabaka, hivyo maji husafika upesi mno. Wenzangu wakija na mshipi mnene wa kuvulia changu wanashinda njaa.

Nimekulia mshipi wa mkono, samaki unamsikia kidoleni. Huku wanaoanza nawashauri boya, na boya ni kazi ya macho. Pima kina, kisha weka boya ili chambo kielee shibiri moja hivi juu ya mawe. Chubwi usiziweke zote mahali pamoja, zipange ndogondogo zishuke kuelekea ndoana. Ukisharusha, tazama mapovu ya juu ya maji. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo boya likiyapita mapovu jua mshipi unaliburuta, na chambo chako kinakwenda kwa kasi ambayo samaki haifahamu. Uinue mshipi ulio juu ya maji, uulaze upande wa juu ya mto, boya lipumue.

Tena msisubiri boya lizame lote jamani! Likisita, likiinama, likisimama kidogo kama linalofikiri, vuta. Mara nyingi ni jiwe. Vuta tu.

Chambo changu ni mayai ya samoni yaliyofungwa kwenye kipande cha wavu laini, ukubwa wa ukucha. Maji yakiwa maangavu fanya kadogo zaidi. Ushanga wa plastiki wenye rangi ya yai nao hufanya kazi, na haunuki mikononi.

Vibali: Pennsylvania leseni ya kawaida haitoshi, kuna kibali cha ziada cha trauti na Ziwa Erie. Pia ardhi nyingi kando ya vijito ni ya watu binafsi. Ukiona kibao cha kukataza, zunguka. Wenye ardhi wakikasirika hufunga njia kwa wote, si kwako peke yako.

Mwana wa Baraka

Bandugu, jambo. Miye niko Grand Rapids, Michigan. Kwetu Ziwa Tanganyika ndagala tunavua usiku na taa, samaki anafuata mwangaza. Huyu wa hapa ni kinyume: jua likipanda anajificha, mapambazuko na siku ya mawingu ndiyo anakuwa na moyo.

Mto Grand wetu, si ule wa Ohio, unapita katikati ya mji, na samaki wanapanda mpaka kwenye ukuta wa bwawa wa Sixth Street, hapo wanakwama. Kando kuna ngazi ya samaki, ni vidato vya maji vya kuwasaidia kuupita ukuta, iliyojengwa 1974. Kila mtu anayeanza namupeleka hapo kwanza bila ndoana. Anasimama, anaona namna samaki anapumzika, anaruka, anakosa, anarudi chini. Akitoka hapo, ile habari ya kusoma maji haimupi tena taabu.

Sasa adabu, sababu pale watu wanasimama begani kwa begani. Rusha pembe ile ile jirani anarusha, boya zishuke pamoja. Jirani akipiga kelele kwamba ameshika, kunja mshipi wako mara moja, hata kama hujui lugha yake. Na kuna jambo linawasumbua watu wetu: kwetu samaki akishikwa mgongoni au mkiani ni samaki, anaingia kwenye sufuria. Hapa ndoana lazima iwe mdomoni. Akishikwa pengine unamwachia, na kumukwarua kwa kusudi ni kosa la sheria. Walinzi wako pale, na wengine hawavai sare.

Gura hadi Tukwila

Naona wengi ni watu wa maziwa. Acha niongee upande wa jimbo la Washington, ambako samaki anatoka bahari yenyewe.

Mimi ni wa Nyeri, na trauti si mgeni kwangu. Wakoloni walimleta mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo yuko Gura, Chania na mito mingine ya Aberdare na Mlima Kenya. Huyo wa upinde wa mvua na stilihedi ni spishi moja. Lakini kule unavua samaki wa kukaa, anayekula mtoni kila siku, na huku unavua msafiri. Unaweza kurusha mahali pazuri kabisa asubuhi nzima na pakawa patupu, kisha saa nane kundi likapita. Usihame kwa hasira. Ila pia usigande: rusha, piga hatua mbili kushuka, rusha tena, mpaka kidimbwi kiishe.

Kubwa zaidi huku ni kutofautisha samaki wa mwitu na wa kituo cha kuzalishia. Mgongoni karibu na mkia stilihedi ana pezi dogo la nyama. Wa kituo hukatwa pezi hilo akiwa kifaranga, unakuta kovu lililopona. Akiwa nalo, ni wa mwitu, anarudi majini. Tena Washington ukishajua ni wa kuachia, hata kumtoa mzima nje ya maji kupiga picha hairuhusiwi. Mikono iwe mibichi, usiguse matamvua, mshike mkia akiangalia mkondo mpaka aondoke kwa nguvu zake. Nyingi ya idadi za mwitu hapa zimeshuka na zinalindwa na sheria ya shirikisho, ndiyo sababu ya ukali huo.

Ndoana zetu huwa hazina kikwamizo, ule mwiba mdogo unaoizuia ndoana isichomoke. Ukinunua yenye nacho, kibane kwa koleo. Ukimchukua wa kituo, unamwandika papo hapo kwenye kadi ya rekodi. Na kanuni hubadilika katikati ya msimu: mto uliokuwa wazi Jumatatu unaweza kufungwa wikendi. Angalia tovuti ya idara usiku wa kuamkia safari, usitegemee aliyokwambia jamaa mwaka jana, hata akiwa mimi. Pa kuanzia, Cowlitz na sehemu ya Skykomish karibu na mabwawa ya Reiter, kwa sababu huko samaki wa kituo hurudi pale walipolelewa.

Theluji ya Syracuse

Mimi ni mfupi. Mto Salmon, Pulaski, jimbo la New York. Vuli stilihedi huingia nyuma ya samoni wakubwa kula mayai yao, kwa hiyo samoni wakiwa wanataga, chambo ni mayai, basi. Januari maji yakishuka chini ya nyuzi 4 samaki hulala vidimbwi vya kina na hawafukuzi kitu. Chambo kipite puani kabisa, taratibu. Barafu ikiziba pete za ufito, usivunje kwa nguvu, tumbukiza ufito majini iyeyuke.

Usalama. Mto huu una mabwawa juu yake na maji yanaweza kuachiwa. Weka alama kwa jicho kwenye jiwe ukingoni. Jiwe likizama, toka. Ovaroli ya mpira bila mkanda kiunoni ni kaburi. Buti ziwe na njumu, tembea kwa kuburuta mguu, fimbo mkono wa upande wa juu ya mto. Nguo kavu ziache garini, na usiende peke yako.

Machipuko ukiona kipande cha changarawe safi, cheupe kuliko kandokando yake, hapo pana mayai. Usikanyage, na samaki aliye juu yake mwache.

Mgeni 2

Shikamooni. Mimi ndiyo kwanza nafika Cleveland, sina gari wala hiyo ovaroli ya mpira. Nitaweza? Na nikimshika nitamtoaje, naambiwa anakata mshipi.

Msukuma wa Cleveland

Marahaba, karibu. Utaweza. Mto Rocky unapita ndani ya hifadhi za Metroparks, njia ya miguu iko kando ya maji na sehemu nyingi unavua ukiwa ukingoni na buti za kawaida. Leseni nunua mtandaoni. Ufito wa futi nane na nusu hadi tisa, usio mgumu, mshipi wa ratili 8 au 10, na kipande cha mwisho cha ratili 6 hadi 8 kiwe chembamba kuliko mshipi mkuu, ili ukikwama kwenye jiwe upoteze ndoana tu na boya libaki.

Kukata mshipi hutokana na breki ya kikunjio cha mshipi kukazwa. Ilegeze kiasi kwamba ukivuta kwa mkono inatoka bila kushtuka. Akikimbia mwache akimbie, wewe tembea naye ukingoni. Akiruka shusha ncha ya ufito. Akichoka mvute kwa pembeni, usimnyanyue juu, mlete kwenye maji haba.

Jumamosi, kama mto utakuwa umeshuka, nitakuwa pale Rockcliff kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Leta ufito na leseni. Boya na mayai nitakuwa nayo.